Herufi Tatu za Mwanzo

Anza na ulimi juu ya ufizi: n.
Rudi nyuma, karibu na koo: k.
Kisha pumua kama anayepuliza kuni mbichi: h.
Mji wetu unaanzia hapo,
kwenye pumzi.

Bibi Esinati alinifundisha hayo akipara samaki,
magamba yamemganda hadi viwikoni.
"Nkhotakota," alisema, "ni njia inayopinda,
halafu inapinda tena.
Ukifika upesi, ujue umefika kwingine."

Mzungu wa boma hakuwa na muda wa kupinda.
Alimwita karani, Binwell Kamphasa, kijana wa misheni,
akamwambia: tamka.
Akatamka.
Polepole.
Akatamka mara saba, mate yakamkauka,
na mara zote saba kalamu iliandika
kile tu sikio lilichoweza kubeba:
Kota Kota.
Mara mbili, kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba ambayo ameshaingia.

Muhuri ukaja kwa meli ya ziwani,
chuma kwa mpini wa mti, jina limezunguka tarehe.
Binwell aligonga nao barua miaka ishirini na sita.
Nyumbani alifuga mbuzi jike, akamwita Kota.
Akiitwa, haji.
"Huyo ana akili," Binwell alisema.

Babu Laitoni wakati huo alikuwa chini ya Johannesburg
akichimba dhahabu ya watu.
Barua yake ya kwanza aliiandikia Nkhotakota.
Ilizunguka miezi mitano,
ikamrudia mgodini na mstari mwekundu.
Ya pili aliandika Kota Kota.
Ilifika, na pauni mbili ndani.

Kwa hiyo Bibi hakuligombeza lile jina.
Lilinunua chumvi. Lilinunua bati tisa
na sare ya shule ya mama yangu.
Jina la bahasha, aliliita,
na jina la bahasha halilali nyumbani.

Ila Babu aliporudi,
bogi lake kichwani, kofia mpya,
alisimama mlangoni akasema, "Nimefika Kota."
Bibi aliweka sufuria chini.
"Na ile pumzi umeiacha wapi?"
Hakumjibu.
Alikuwa anakohoa.

Alikohoa miaka minne. Vumbi la mwamba halitoki
kwa mvuke wala kwa majani ya mpera.
Siku za mwisho hakuweza kutamka hata Kota,
alisema Ko,
akapumzika,
tukamngojea.

Juni hii, Lilongwe, dirisha la nne.
Kuna fidia ya vifua, wanasema,
na kwenye orodha ya mgodi yupo Laitoni, wa Kota Kota.
Kijana wa dirishani amechapa, amechapa tena.
"Mama, kompyuta haiujui mji huo."
"Ni Nkhotakota."
"Basi huyo ni Laitoni mwingine."

Nikapelekwa kwa wakili mwenye feni mbovu.
Nikainua mkono wa kulia nikaapa
kwamba Kota Kota na Nkhotakota
ni mahali pamoja, ziwa moja, makaburi yale yale.
Nililipa kwacha elfu kumi na mbili
ili mji uruhusiwe kuwa mji.

Nilipomsimulia Bibi, alicheka mpaka akakaa chini,
kisu bado mkononi.
Halafu akanyamaza, akakifuta kwenye kanga, upande huu, upande ule.
"Uliapa kwa lugha gani?"
"Kwa Kiingereza, Bibi."
"Njoo hapa," alisema. "Kaa.
Weka ulimi juu ya ufizi."